Baiskeli Iliyopakwa Masizi

Baba Mdogo Kasereka tulimzika kwake Musienene, mvua ikinyesha polepole kama inavyojua kunyesha kule milimani, na mimi sikukaa kwenye viti. Nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wenzangu tukimenya viazi vya kuwalisha waombolezaji, maana binti wa ukoo hata akiota mvi kazi yake msibani haibadiliki. Ndugu yangu Muhindo ndiye aliyepewa kipaza sauti. Amekuwa mtu mkubwa, anajenga madaraja, watu wanamwita Ingénieur, na koti lake jeusi lilikuwa kavu kwa sababu mtu alimshikia mwavuli tangu alipotoka garini. Alianza kwa Kifaransa, akapita kwenye Kinande, kisha akamalizia kwa Kiswahili ili wageni wa Beni nao waelewe. "Huyu muzee tunayemuzika leo alisukuma velo," alisema, maana baiskeli kwetu ni velo. "Wakati wa vita, wakati batu walikuwa wanakimbia, yeye alisukuma velo kwa matope juu ya miye nisome. Mabega yake njo ilinifikisha fasi niko." Watu wakapiga makofi palepale kaburini. Jirani wa marehemu, mwanamke mnene aliyekuwa anamenya karibu yangu, akanigusa kwa kiwiko. "Umesikia, mama Masika? Baba yenu mudogo alikuwa mutu!" Nikasema nimesikia. Kiazi nilichokuwa nacho mkononi nilikimenya mpaka kikabaki kama harage.

Angekuwa amedanganya, ningesimama. Nimewahi kusimama mbele ya watu wabaya kuliko waombolezaji. Lakini Muhindo hakudanganya, alisema alichokiona kwa macho yake, na alichokiona kilikuwa kweli. Shida ni kwamba alianza hadithi katikati. Mwanzo wake anaujua pia, ila aliujua akiwa mtoto, na mambo ya utotoni mtu huyaweka anapotaka. Mimi nilikuwa msichana mkubwa aliyekwisha acha shule, kwa hiyo mwanzo ule ulibaki kwangu kama kovu la jembe mguuni. Habari za wazazi wetu sitazieleza. Walikufa, mmoja akimfuata mwenzake, na waliokufa miaka ile ya vita ni wengi mno kiasi kwamba kueleza wako ni kama kujisifu. Nitaeleza mwaka uliofuata, mwaka wa baiskeli.

Kwetu Wanande jina linakuambia zamu yako ya kuzaliwa. Masika ni binti wa kwanza, Kavira wa pili, na Muhindo ni mvulana anayekuja baada ya mabinti. Mtu akikuita tu, anakukumbusha nani wa kuhudumia na nani wa kuhudumiwa. Siku ya kuondoa matanga, katika nyumba yetu ya Mususa hapa Butembo, wazee wa ukoo walikaa sebuleni kwenye viti vya kuazima wakinywa kasiksi, pombe ya ndizi, na mimi nilikuwa jikoni nikigeuza bugali wa watu wengi. Ukuta kati ya jikoni na sebule ulikuwa wa mabanzi yaliyokauka yakaachana, na maneno yalipita kama moshi. "Kavira atakwenda Eringeti kwa shangazi yake," ilikuwa sauti ya Baba Mdogo Kasereka. "Muhindo nitakaa naye miye, Musienene, mashamba inataka mikono." Mzee mmoja akauliza, "Na huyu mukubwa?" Baba Mdogo akacheka. "Masika? Masika iko na kifua, atapata bwana. Tumwombe Mungu tu asiwe mwanajeshi." Wote wakacheka. Kisha nikasikia mtu anauliza kuhusu nyumba, na mwingine anajibu kwamba nyumba haina miguu, itangoja.

Niliingia na sinia la bugali, nikaliweka chini, na badala ya kurudi jikoni nikabaki nimepiga magoti palepale. Baba Mdogo alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani. "Nani amekuita?"

"Hakuna mutu, baba mudogo. Miye naomba neno."

"Ombea jikoni."

Mzee mkubwa kuliko wote, kaka wa babu yetu, alinyanyua mkono wake uliokuwa unatetemeka. "Acha aseme. Ni Masika."

Nikasema wasitutawanye. Nikasema Eringeti iko kwenye njia ya kwenda Ituri, kila wiki watu wa kule wanashuka wakikimbia na magodoro kichwani, sasa inakuwaje sisi tumpeleke mtoto kule ambako wenyewe wanatoka? Nikaomba watuache watatu ndani ya nyumba ya baba yetu mpaka mavuno ya maharage. "Mukija mukikuta tuko na njaa, mutachukua batoto, miye sitafungua kinywa."

"Utawalisha na nini?" aliuliza Baba Mdogo. "Na sala?"

"Na velo ya baba."

Hapo sebule nzima ililipuka. Mzee mmoja alicheka mpaka akapaliwa na kasiksi, ikabidi apigwe mgongoni. Baba Mdogo alifuta machozi kwa kiganja. "Ile velo inayotagiwa mayai? Haya basi! Wazee, muko mashahidi. Nimemupa. Achukue na kuku kama dereva." Ndivyo nilivyopewa, mbele ya mashahidi, na kicheko ndicho kilichokuwa muhuri.

Baiskeli yenyewe ilikuwa imeegemezwa nyuma ya jikoni kwa muda mrefu. Baba aliinunua Beni kwa mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa analeta vitu vilivyotumika kutoka upande wa Uganda. Haikuwa ya mashindano wala ya milimani, ilikuwa kitu cha katikati, cha Wazungu wa huko kwao wanaokwenda kazini kwa barabara ya lami bila mzigo zaidi ya mkoba. Ilikuwa nyepesi na inang'aa kama kijiko, na baba alivutiwa na wepesi ule, kwa maana alikuwa mtu wa kupenda vitu vizuri. Gunia la kwanza la maharage liliikunja gurudumu la nyuma kama bati. Baba aliirudisha nyumbani begani, akaiegemeza, na hakuizungumzia tena. Kuku ndio walioifanyia kazi. Nilipoitoa siku ile mnyororo ulikuwa umeshikana na kutu, ule mtambo mdogo wa kubadilishia gia ulikuwa umejaa mavi na manyoya, nyaya za breki zimekatika, mipira imeoza. Kitu kimoja tu kilikuwa kizima, kengele. Muhindo aliichezea kidole, ikalia, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Yaya, inasema!" Yaya ndivyo alivyoniita, mkubwa wake.

Mtu wa Butembo anajua velo ya mzigo inavyotengenezwa. Unachukua ile baiskeli ya chuma nzito, unapeleka kwa fundi, anaichomelea nondo kila mahali, chini ya kiti, pembeni mwa uma, nyuma kwenye kibebeo, mpaka inakuwa kama dirisha la gereza. Bila nondo, hiyo si baiskeli. Kwa hiyo mimi nami niliipeleka kwa Baba Shabani, fundi wa mtaani kwetu, ambaye mke wake nilikuwa nimekwisha mlimia shamba ili mume anitengenezee. Baba Shabani alivaa miwani yake myeusi, akawasha jenereta, akagusisha moto kwenye bomba la fremu. Bomba, la aluminiamu kama nilivyokuja kujua, halikuwa jekundu kama chuma. Lilikaa vilevile, kisha ghafla likayeyuka likadondoka matone. Tundu likafunguka ukubwa wa kidole gumba. Baba Shabani aliruka nyuma, akavua miwani. "Astaghafiru! Hii si chuma, hii ni sabuni!" Aliapa kwamba katika maisha yake hajaona velo inayoyeyuka. Hakuwa mtu mbaya. Kosa lile angefanya fundi yeyote wa mji wetu, kwa sababu hakuna aliyewahi kujiuliza kama kuna baiskeli isiyotaka nondo. Lakini nilikaa chini pale kwenye vumbi la vyuma nikijua kwamba nimetoboa paa la nyumba yetu.

Kavira ndiye aliyesema neno la akili. Alikuwa msichana wa maneno machache, anayeuma kucha. Alisema, "Mbuzi akivunjika muguu, hatumupeleki kwa moto." Tulikwenda tukatafuta matawi ya mkaratusi yaliyonyooka, tukayapasua, tukayachonga mpaka yakakumbatia bomba kila upande, kisha tukayafunga kwa mipira ya ndani ya magari iliyokatwa vipande virefu. Unavuta mpira mpaka mkono unatetemeka, unazungusha, unavuta tena. Vidole vyetu vilikuwa na malengelenge ambayo yaliiva yakapasuka yakawa ngozi ngumu. Baba Shabani, kwa aibu ya lile tundu, alitupa magurudumu ya baiskeli ya chuma iliyokufa, akaongeza spoku nene, na kwa kuwa ekseli yake ilikuwa fupi kwa fremu ile, akajaza rondeli, vile vipete bapa vya chuma, pande zote mbili mpaka ikakaa. Mtambo wa gia tuliutupa. Mnyororo na pedali tuliviondoa, kwa sababu velo ya mzigo haipandwi, inasukumwa. Tukafunga mti mrefu kwenye usukani wa kushikia ukiwa unatembea pembeni, na mti mwingine umesimama nyuma ya kiti wa kusukumia. Ilipokwisha ilikuwa si baiskeli tena, wala si chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukumia mizigo, ila mtoto wa zote mbili aliyefungwa bendeji.

Lakini sehemu ambazo hazikufunikwa na miti ziliendelea kung'aa. Hapo nilifanya jambo ambalo Muhindo hakunisamehe. Wakati ule wenye bunduki walikuwa wanachukua baiskeli. Walibadilika majina na makofia, leo hawa, kesho wale, lakini wote walikuwa na mizigo ya kubebwa, na velo nzuri ikifika kwenye barieri, kizuizi chao cha barabarani, mwenyewe anaendelea kwa miguu kama Mungu amempenda. Nilikwangua masizi ya chungu, nikayachanganya na mawese yaliyoharibika, nikaipaka kila mahali mpaka ikawa na rangi ya kitu kilichookolewa kwenye moto. Kisha nikafungua kengele. Muhindo alilia akijitupa chini. "Ilikuwa muzuri, yaya! Sasa umeifanya kama maskini!" Nikamwambia sisi ni maskini. Nilimpa ile kengele akae nayo, na akawa analala nayo mkononi.

Barabara ilitufundisha mengine. Siku za soko tulikwenda Musienene kuchukua viazi na maharage, tukavileta Butembo, na pale tulipopata nguvu tukashuka na mzigo mpaka Beni kwenye joto, tukarudi na mawese na ndizi. Muhindo alikuwa anabaki kwa mama Shabani tukienda mbali. Wasukuma velo wote walikuwa wanaume, na wanaume wale walikuwa na midomo. "He! Angalieni harusi inapita!" "Masika, hiyo velo imetoka hospitali gani?" "Olewa, tutakusukumia!" Kwenye miinuko ya matope mikono yangu na ya Kavira haikutosha. Mara mbili mzigo ulituangusha na mara ya pili Kavira alibaki chini ya magunia mpaka wapita njia wakaja kumtoa. Ndipo nikafikiria jinsi ninavyobeba kuni. Kwetu mwanamke haweki mzigo kichwani, mzigo unakaa mgongoni na mkanda unaoushika unapita kwenye paji la uso, na tangu tukiwa wasichana wadogo shingo zetu zinajua kazi hiyo. Nikafunga mkanda wangu wa ngozi kwenye shingo ya baiskeli, chini ya usukani, nikauvaa kwenye paji, nikainama kama ninayepanda na kuni, mkono mmoja nyuma kwenye mti wa usukani. Kavira akasukuma. Baiskeli ikapanda. Wanaume walikuwa wamesimama pembeni wakingoja kutucheka, na tuliwapita pale pale.

Baba Mdogo Kasereka alituona siku moja sokoni kwake Musienene. Alikuwa amekaa na wenzake kwenye benchi la muuza chai. Alinionyesha kwa kidole na kusema kwa sauti ya kusikiwa, "Binti ya kaka yangu amekuwa ng'ombe ya kulima." Nilimsalimia kwa heshima, nikapita. Miezi michache baadaye vijana wa barabara hiyo walianza kuvaa mikanda yao wenyewe, kwanza mmoja, akisema shingo inamuuma na anataka kuinyoosha, kisha wengine. Hakuna aliyesema wameuona wapi.

Nakumbuka barieri moja kabla ya kuingia Beni. Mbele yetu alikuwa mwanaume mwenye baiskeli nyekundu, mpya, iliyopambwa kwa maua ya plastiki. Waliivuta mikononi mwake kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa ameishika kwa makosa. Ilipofika zamu yetu askari kijana alizunguka velo yetu, akaipiga teke kwenye bendeji, akawaita wenzake waje waone. "Oyo eloko nini? Velo to ebembe?" Aliuliza kwa Kilingala kama ile ni baiskeli au ni maiti. Walicheka sana. Walijaza viazi kwenye kofia zao, kisha yule kijana akainua kamba. "Pita, mama. Nenda uizike." Kavira alianza kutembea haraka, nikamnong'oneza asikimbie, mwenye maiti hakimbii. Tulipokwisha kata kona tulikaa chini ya mibuni, tukacheka mpaka tukalia, na sijui ni wapi kicheko kilipoishia.

Kile chumba cha mbele ambako wazee walikuwa wametugawa, tuliishi humo. Magunia upande mmoja, mkeka upande mwingine, baiskeli katikati kama mgeni wa heshima. Jioni tulikula bugali na maharage yaliyotiwa mawese mekundu, siku nyingine sombe, majani ya muhogo, na siku ya kurudi kutoka Beni kulikuwa na makayabo, samaki wa chumvi, ambaye Kavira alimloweka na kumgawa sawasawa bila kutazama uso wa mtu. Muhindo alirudi shuleni. Shule ilifungwa na kufunguliwa kufuatana na milio ya bunduki, lakini jina lake lilikuwa humo na mashati yake yalikuwa yamefuliwa. Alikuwa anasoma kwa sauti, mgongo ukiegemea gurudumu, na mimi niliyeishia njiani nilikuwa nasikiliza nikijifanya ninapanga viazi. Nikiulizwa furaha ni nini nitasema ni hiyo. Nasema hivyo bila kuipamba. Ilikuwa fupi.

Maharage yalikomaa. Baba Mdogo alifika na wazee wawili, kama tulivyopatana. Nilikuwa nimefagia mpaka njiani. Walikula, wakaongezewa, wakapanguswa mikono kwa kitambaa safi. Mzee mmoja alimshika Muhindo shavu, akasema mtoto amenona. Baba Mdogo alikula macho yakiwa kwenye baiskeli. Alipomaliza alisimama, akaizunguka baiskeli polepole, akaifinya mipira, akaishika ile miti, akausoma mkanda kwa vidole. "Wasingya, Masika," alisema, akinishukuru kwa Kinande kama mtu aliyepokea zawadi. "Umelinda vizuri kitu ya kaka yangu. Sasa tutachukua."

Nilidhani sikusikia. "Mutachukua nini, baba mudogo?"

"Velo. Mali ya baba ni ya mutoto mwanaume. Ni ya Muhindo. Na Muhindo akiwa mudogo, nani anamulindia? Ni miye."

"Mulinipa. Wazee walikuwa mashahidi."

"Tulikupa kitu ya kuchekesha batu," alisema, na hakuwa na hasira, ndiyo maana mpaka leo nasikia ubaridi wake. "Hii sasa ni velo. Kesho utaolewa, lakini, velo ya ukoo itafuata bwana yako? Semeni, wazee."

Wazee walitazama chini, na kutazama chini kwa wazee ni hukumu. Baba Mdogo akaongeza kwamba, basi, kwa kuwa velo ni ya Muhindo, vizuri Muhindo naye aifuate Musienene, na Kavira, ambaye hatakuwa na wa kumlisha, aende Eringeti kama ilivyopangwa. Nikaelewa. Hakuwa amekuja kupima njaa yetu. Nikasimama mbele ya mlango. Nikasema velo achukue, hapa hapa, na mkanda wangu juu yake, nami sitakwenda kulalamika kwa chifu wala kwa padri. "Lakini batoto unaacha. Miye nitawalisha na mugongo." Yule mzee mwenye mikono ya kutetemeka hakuwapo siku ile, alikuwa amefariki, lakini mmoja wa hawa wawili alikohoa akasema hiyo ni haki, binti amesema vizuri. Wakapatana hivyo. Vita vyote vile, na makofia yao yote na barieri zao zote, havikuichukua baiskeli yetu. Ukoo uliichukua mchana, baada ya chakula, ukitushukuru.

Nilirudi kubeba mgongoni. Tulikula mara chache, lakini tulikuwa watatu, na hilo ndilo nililokuwa nimenunua. Nilidhani hivyo. Muhindo hakulia kama nilivyotegemea. Alikaa kwenye nafasi ambayo baiskeli ilikuwa inasimama, akisugua kengele yake kwa upindo wa shati. Siku za soko wanawake wa Musienene walipita kwetu kupumzika na mazungumzo yao hayakuwa na mlango. "Kasereka ameosha ile velo kwa mchanga na majivu, inang'aa unaweza kujitazama." "Ameifungia bendera." "Anavaa mukanda kwa kichwa kama mwanamuke, na hana haya!" Niliona Muhindo ameacha kutafuna. Ningemfukuza nje asisikie. Sikufanya hivyo, kwa sababu sikujua kwamba mtoto anaweza kuacha watu akafuata kitu. Asubuhi moja mkeka wake ulikuwa umekunjwa vizuri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kengele haikuwapo. Sikuhitaji kuuliza.

Nilimwacha Kavira, nikapanda Musienene. Nyumbani kwa Baba Mdogo waliniambia wametangulia, wamechukua njia ya Lubero na viazi. Niliwafikia kwenye mlima wa utelezi. Niliisikia kengele kabla sijawaona, ikilia bila sababu, kwa furaha tu. Baba Mdogo alikuwa mbele, ameinama, mkanda wangu kwenye paji lake, mishipa ya shingo imesimama, na shingo ile haikuwa imefundishwa. Nyuma, chini ya magunia mazito, alikuwa Muhindo, mabega yake madogo yakisukuma. Gurudumu liliteleza, likarudi. Likateleza tena. Nilimwona mtoto anavyorudishwa nyuma na mzigo, miguu ikichora mistari kwenye matope, nikajua ukirudi mara nyingine utamlalia kama ulivyomlalia Kavira. Sikusalimia. Niliingia pembeni yake, nikaweka bega kwenye gunia. Alinitazama, akasema "Yaya" kwa sauti ndogo, kisha tukasukuma. Tulipanda mlima wote, yeye Baba Mdogo mbele akivuta na sisi wawili nyuma, na kama mtu angepita angesema, tazama familia hii inavyopatana.

Juu tulisimama kupumua. Velo ilikuwa inang'aa kweli, na kengele imerudi kwenye usukani. Ile miti yetu ilikuwa imebanduliwa sehemu na kufungwa upya kwa mpira mwekundu, na bomba lilikuwa limesuguliwa mpaka jeupe. Chini ya mteremko, kwenye daraja, niliona kamba imevutwa na watu wamekaa na bunduki magotini.

"Muhindo, twende nyumbani."

"Hapana."

"Kavira anakungoja."

"Kule nyumbani velo haiko," alisema, kana kwamba nimeuliza jambo la kipumbavu.

Baba Mdogo alikuwa anajipangusa shingo. "Sijamwiba, Masika. Alikuja na miguu yake. Nitamutia shuleni hapa, ninaapa." Na kiapo hicho alikitimiza, hilo nalo ni lazima niliandike.

Nikamwambia, "Baba mudogo, mbele kuna barieri. Ipake masizi. Wataichukua, na mutoto iko pembeni yake."

"Nifiche mali ya kaka yangu kama mwizi?"

Niliinama nikachota matope kwa mikono yote miwili. Nilipaka bomba, nikapaka uma, nikapaka spoku, nikapaka ile bendera, haraka, kama mtu anayezima moto. Muhindo alinirukia, akanishika mkono kwa meno. "Unaichafua, yaya! Unaichafua!" Baba Mdogo alinisogeza kwa kiwiko, bila ukali, akauvua mkanda, akashika usukani, wakaanza kuteremka. Mtoto alikuwa nyuma, mkono mmoja kwenye gunia, na kwa mkono mwingine alikuwa amevuta shati lake na kufuta, akitembea na kufuta, mpaka lile bomba likaanza kung'aa tena.

Nilisimama nikiangalia. Niliomba, ingawa sijui niliomba wachukue au waache. Kwenye kamba askari mmoja alisimama, akaizunguka, kama wa Beni alivyoizunguka yetu. Akanyoosha mkono. Akaipiga kengele kwa kidole, mara moja, na sauti ikapanda mpaka kwangu. Akacheka, akamgusa Muhindo kichwani, akawafungulia njia, na hapo ndipo hadithi ya Muhindo ya kaburini inapoanzia.